Gharama za Kudumu na Gharama Zinazobadilika: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Hesabu

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, istilahi za hesabu zimepimwa aghalabu kwa swali moja: je, neno lipo au halipo? Likiwapo, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Swali la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza, huulizwa kwa nadra: neno hilo humwambia nini mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza, naye hana kitabu kingine cha kumfasiria? Istilahi mbili zinazohakikiwa hapa, yaani gharama za kudumu na gharama zinazobadilika, zimejibu swali la kwanza vizuri. Swali la pili zimelijibu vibaya, na upungufu wake si wa sauti wala wa sarufi, bali ni wa maana. Zinamwambia msikilizaji jambo ambalo hesabu yenyewe inalikanusha.

Mahali pafaapo kulipima jambo hili ni Singida. Mkoa huo ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha alizeti nchini, na kandokando ya barabara zake na ndani ya mji wenyewe zimo mashine nyingi ndogo za kukamulia mafuta. Mkulima huleta magunia yake, mashine hukamua, naye huondoka na mafuta pamoja na mashudu. Mvua za huko ni za msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo mavuno huja kwa wakati mmoja, na mashine zinazokesha zikiunguruma baada ya mavuno hukaa kimya miezi mingine. Mwenye mashine wa namna hiyo, akiwa amesoma shule ya msingi tu, hana haja ya hesabu ngumu. Anahitaji mlinganyo mmoja, tena ulio mwepesi kuliko yote.

Chukua mfano, ambao tarakimu zake zimetungwa kwa ajili ya maelezo tu. Mkamuaji analipa kodi ya nyumba, mshahara wa mlinzi na marejesho ya mkopo wa mashine, jumla yake shilingi 600,000 kwa mwezi. Kila gunia linalokamuliwa humgharimu shilingi 3,000 za umeme, za wapakuzi na za fundi anayelipwa kwa gunia. Mteja humlipa shilingi 6,000 kwa gunia, na mafuta na mashudu yote ni ya mteja. Ikiwa m ni idadi ya magunia ya mwezi mmoja, na J ni jumla ya gharama za mwezi huo, basi:

J = 600,000 + 3,000m

Mapato yake ni 6,000m. Mapato yakilinganishwa na gharama, 6,000m = 600,000 + 3,000m, jawabu ni m = 200. Akikamua magunia 200, hana faida wala hasara. Akikamua 100, amepoteza shilingi 300,000. Akikamua 300, amepata shilingi 300,000. Ndiyo hesabu yote. Mtoto wa darasa la saba aliyefundishwa kutafuta thamani ya herufi isiyojulikana aweza kuikamilisha. Ugumu upo kabla ya kuandika mlinganyo, pale inapompasa mtu kuamua ni gharama ipi iwekwe peke yake na ipi izidishwe kwa m. Na hapo ndipo istilahi zinapotakiwa kumsaidia.

Ama neno kudumu, asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililozaa neno daima. Ni neno la wakati. Kitu kinachodumu ni kitu kinachokaa muda mrefu bila kuondoka. Msemaji wa Kiswahili hulikuta katika ajira ya kudumu, makazi ya kudumu, ulemavu wa kudumu. Mkulima wa Singida amelisikia hasa kutoka kwa mabwana shamba na mabibi shamba, wanaotofautisha mazao ya kudumu, kama kahawa na korosho, na mazao ya msimu, kama alizeti yenyewe. Mtu huyu akiambiwa aorodheshe gharama zake za kudumu, atatafuta nini? Atatafuta zile zitakazokuwapo miaka mingi. Mlinzi aliyeajiriwa kwa miezi mitatu tu ya msimu hatamwandika, kwa kuwa si mlinzi wa kudumu. Kodi ambayo mwenye nyumba hupandisha kila mwaka ataisitia, kwa kuwa haikudumu. Lakini katika mlinganyo wa mwezi huo, vyote viwili mahali pake ni pamoja na zile 600,000, kwa sababu havipandi wala havishuki kwa kuwa magunia yameongezeka au yamepungua. Sifa inayotakiwa na hesabu ni ya wingi wa kazi, na neno limetoa sifa ya urefu wa wakati.

Istilahi ya pili imepotoka zaidi. Kubadilika, sokoni, ni kupanda na kushuka kwa bei. Mfanyabiashara akisema gharama zimebadilika, maana yake ni kwamba kilichouzwa jana kwa bei hii leo chauzwa kwa bei ile. Basi akiulizwa gharama zake zinazobadilika, atataja zile zenye bei isiyotulia. Ujira wa mpakuzi, ambao umekaa shilingi zile zile kwa gunia tangu msimu uanze, hatautaja. Kwa masikio yake huo haubadiliki. Naye ana haki ya kusikia hivyo. Mlinganyo wenyewe uko upande wake: ile 3,000 haibadiliki hata kidogo. Lau ingekuwa inabadilika kutoka gunia hadi gunia, mlinganyo usingekuwa wa mstari ulionyooka, na hesabu nzima ingevunjika.

Ukitazama upande wa pili, mambo yamepinduka vile vile. Zile 600,000 zinazoitwa za kudumu, zikigawanywa kwa magunia, hazikai mahali pamoja. Magunia yakiwa 100, kila gunia limebeba shilingi 6,000 za kodi, mlinzi na mkopo. Yakiwa 200, limebeba 3,000. Yakiwa 300, limebeba 2,000. Kwa hiyo, mtu anayehesabu kwa gunia, kama wahesabuvyo wakamuaji wote kwa kuwa mteja hulipa kwa gunia, huona kwamba gharama inayoitwa ya kudumu ndiyo inayobadilika, na inayoitwa ya kubadilika ndiyo inayodumu. Istilahi zote mbili ni sahihi kwa anayetazama jumla ya mwezi, na zote mbili ni kinyume kwa anayetazama gunia moja. Hakuna neno ndani yake linalomwambia msomaji atazame wapi.

Madhara yake si ya darasani tu. Mkamuaji asiyeongozwa na istilahi hurudi kwenye hesabu anayoiona kwa macho: gunia linaingiza 6,000, linatumia 3,000, basi kila gunia lina faida ya 3,000. Hesabu hiyo humfanya akubali kushusha bei hadi 5,000 ili amnyang'anye jirani wateja, akiamini kwamba bado anapata 2,000. Hajui kwamba kwa bei hiyo sasa anahitaji magunia 300, si 200, kabla ya kupata shilingi ya kwanza ya faida. Tena miezi ya kulima huja, mashine imenyamaza, na 600,000 zile zile zinadaiwa. Kwa mwaka mzima ni shilingi 7,200,000, yaani magunia 2,400 kwa bei ya 6,000. Ikiwa kazi ipo kwa miezi sita tu, ni magunia 400 kwa kila mwezi wa kazi, maradufu ya yale 200 yaliyoonekana kumtosha. Mashine huuzwa kwa deni, na mwenyewe husema kwamba biashara ilikuwa nzuri ila fedha zilipotea. Hazikupotea, hazikuandikwa mahali pake.

Mtetezi wa istilahi hizi aweza kujibu kwamba hakuna istilahi inayobeba maana yake yote mgongoni, na kwamba mwanafunzi hufundishwa ufafanuzi, si neno tupu. Aweza kuongeza kwamba maneno ya Kiingereza yaliyofasiriwa yana kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa nayo husema tu kwamba gharama moja imekazwa na nyingine hugeuka, bila kutaja imekazwa dhidi ya nini. Majibu haya yana ukweli. Lakini la pili ni ungamo kuliko utetezi: linakiri kwamba kilichofanywa ni kuhamisha neno pamoja na kasoro yake. Na la kwanza lamfaa mwanafunzi wa chuo, ambaye atakutana na ufafanuzi mara nyingi mpaka neno lizoeleke. Kwa Tanzania, lugha ya kufundishia katika shule za sekondari imebaki kuwa Kiingereza. Anayeendelea na masomo huiacha istilahi ya Kiswahili mlangoni. Wanaobaki nayo ni wale wasioendelea, wanaoisikia siku moja au mbili katika mafunzo ya wajasiriamali. Hao hawana ufafanuzi wa kurudia. Wana neno tu, na neno likipotoka, wamepotoka nalo.

Hoja iliyo kubwa, hata hivyo, ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kuazima kasoro hiyo. Sarufi yake ina njia za kusema mambo haya mawili kwa usahihi, na watu huzitumia kila siku bila kujua kwamba wanasema aljebra. Njia ya kwanza ni ule muundo wa kitenzi kinachotajwa mara mbili, kwanza kwa hali yakinishi kisha kwa hali kanushi: upende usipende, atake asitake, mvua inyeshe isinyeshe. Mkamuaji husema: mashine iwake isiwake, kodi ni ile ile. Sentensi hiyo ni ufafanuzi kamili wa ile 600,000. Haisemi kwamba kodi itadumu milele; yasema kwamba kodi haitegemei kuwaka kwa mashine. Zaidi ya hayo, ile nusu ya pili, isiwake, imekwisha kumpeleka msikilizaji mahali ambapo m ni sifuri, na hapo ndipo namba iliyosimama peke yake katika mlinganyo huonekana bila kufunikwa. Mwalimu aliyetafuta saa nzima namna ya kueleza mahali mstari unapokata mhimili angeipata katika maneno mawili ya sokoni.

Njia ya pili ni kurudiarudia namba. Kiswahili husema wapakuzi walilipwa elfu tano, na msikilizaji akabaki na shaka kama ni elfu tano kwa wote au kwa kila mmoja. Likisemwa walilipwa elfu tano tano, shaka imekwisha. Namba iliyorudiwa ni namba inayosubiri kuzidishwa; kisarufi, hicho ndicho kizidishi cha m. Kasoro yake ni kwamba inafaa kwa namba fupi. Elfu tatu tatu husikika vizuri, lakini shilingi 4,750 zikirudiwa, ulimi hurudia kipande cha mwisho tu, na anayesoma huweza kudhani ni hamsini peke yake inayozidishwa. Kwa sababu hiyo, katika maandishi kwa kila itabaki na kazi yake. Katika ufundishaji wa mdomo, hapana sababu ya kuiacha njia hiyo nje ya mlango wa darasa.

Njia ya tatu ni kadiri pamoja na -vyo, na hii imekwisha kutumika hadharani kwa ufasaha kuliko kitabu chochote cha hesabu. Mita za umeme za kulipia kabla huitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina hilo laeleza malipo yanayofuata matumizi, na limeingia katika nyumba nyingi za Tanzania bila semina wala kamusi. Hakuna aliyelazimika kufafanuliwa. Hata hivyo yapasa kuonya kwamba kadiri hutaja mwelekeo bila kutaja kiasi. Kusema kadiri magunia yanavyozidi ndivyo gharama inavyozidi ni kweli kwa mstari ulionyooka, na ni kweli pia kwa mstari uliopinda. Unyoofu huja tu pale inaposemwa kwamba kila gunia linaongeza kiasi kile kile. Kadiri hufungua mlango. Elfu tatu tatu ndiyo inayopima njia.

Uhakiki wa haki hauna budi kusifu pia. Neno mlinganyo ni miongoni mwa istilahi njema kuliko zote katika hesabu za Kiswahili. Limejengwa kama mgawanyo lilivyojengwa kutokana na gawanya: linga limepata kiambishi cha kutendana, likapata cha kusababisha, na linganya likawa ni kuvifanya vitu viwili vilingane. Mizani imo ndani ya neno lenyewe. Anayeona 6,000m upande mmoja na 600,000 + 3,000m upande wa pili huelewa, kwa nguvu ya neno tu, kwamba akiondoa kitu upande huu hana budi kuondoa kiasi hicho hicho upande ule. Kama waundaji wa istilahi waliweza hilo, basi waliweza pia hili jingine.

Herufi zinazotumiwa nazo zinahitaji neno moja. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina x, na mwanafunzi huipokea kama mgeni asiye na ukoo, jambo ambalo si baya, kwa kuwa herufi isiyoanzia neno lolote haiwezi kudhaniwa kuwa kitu. Mwalimu anayependa kutumia herufi za kwanza za maneno hukutana na shida mbili. Akiandika gharama kwa gh, ambazo katika tahajia ni sauti moja, aljebra itasoma g mara h. Akiandika m, mwanafunzi atasema m ni magunia, ilhali m ni idadi ya magunia. Tofauti hiyo si ya upuuzi. John Clement, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982, alionyesha kwamba hata wanafunzi wa vyuo, wakiambiwa wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, wengi waliandika mlinganyo uliogeuzwa, kwa kuwa walizichukua herufi kuwa majina ya watu badala ya hesabu yao. Kiswahili chaweza kuliziba pengo hili kwa neno moja, idadi, lisiachwe kamwe katika sentensi inayoitambulisha herufi.

Tena kuna gunia lenyewe. Mlinganyo hudai kwamba kila gunia ni sawa na jingine, na soko limeunda neno la kukanusha dai hilo: lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Vitunguu, zao jingine lenye sifa Singida, vimeuzwa sana kwa lumbesa, ijapokuwa sheria ya vipimo hairuhusu ufungashaji huo. Hata bila lumbesa, gunia la alizeti ni jepesi kuliko gunia la mahindi lenye ukubwa ule ule. Mkamuaji anayetoza elfu sita sita kwa gunia, huku magunia mengine yana vilemba, anatumia umeme na muda zaidi kwa malipo yale yale. Ile 3,000 yake imekwisha kuwa namba nyingi zenye sura moja. Kwa lugha ya hesabu, kizio kimeharibika. Zoezi la darasani linaloanza kwa neno gunia bila kusema la kilo ngapi limeanza vibaya, wala kosa hilo si la mwanafunzi.

Istilahi gani basi ishike mahali pa zile mbili? Kwa vitabu, gharama zisizofuata wingi na gharama zinazofuata wingi zingefaa, kwa kuwa hutaja kile kinachofuatwa. Yafaa kuepuka umbo fupi la zifuatazo, kwa kuwa gharama zifuatazo zimekwisha kuwa na maana ya orodha inayokuja. Zinaweza kulaumiwa kwa urefu, na lawama hiyo ni ya kweli. Lakini gharama zinazobadilika nayo si fupi. Na kwa anayefundisha watu wazima, kuna njia fupi zaidi ambayo haihitaji istilahi mpya hata moja. Kiunganishi -a kinatosha. Kodi ni gharama ya mwezi. Ujira wa mpakuzi ni gharama ya gunia. Fundi akilipwa mshahara, ni gharama ya mwezi. Akilipwa kwa gunia, ni gharama ya gunia, ingawa ni fundi yule yule kwenye mashine ile ile. Kila gharama huulizwa swali moja: wewe ni ya nini? Iliyo ya gunia huzidishwa kwa m. Iliyo ya mwezi husimama peke yake, mashine iwake isiwake.